Mti wa Krismasi: wa Shambani au wa Dukani?

Kila mwaka yafikapo Majilio, kabla hata watoto hawajaanza kujifunza nyimbo, swali moja huzuka katika vikao vya wazee wa kanisa, nalo ni hili: Mwaka huu mti utatoka wapi? Zamani swali hili halikuwa na uzito. Kijana aliambiwa, "Nenda ukatafute mti," naye akaenda na panga lake, akarudi na mti begani, na mambo yakaisha. Siku hizi majibu yamekuwa mawili. Wako wasemao ya kuwa mti wa kweli ndio mti, na ule wa plastiki ni mchezo wa watoto. Wako wengine wasemao ya kuwa kukata mti ni kuharibu nchi, heri kununua ule wa dukani, ambao sikukuu ikiisha hukunjwa na kuwekwa sandukuni hata mwaka mwingine. Nasi kwa kuwa twakaa katika milima ya Usambara, ambako mti ni mali ya mtu kama vile ng'ombe alivyo mali, tumeona yafaa kulieleza jambo hili mbele ya wasomaji, tupate kulipima pamoja.

Tujue kwanza ya kuwa mti wa Krismasi hautajwi mahali po pote katika Injili. Mathayo atueleza nyota na mamajusi, na Luka atueleza hori na wachungaji wa kondeni, mti hawautaji. Kwa hiyo asiye na mti hakupungukiwa na Krismasi. Wengine husoma mlango wa kumi wa kitabu cha Yeremia, panenapo habari za mti ukatwao mwituni na kupambwa kwa fedha na dhahabu, wakasema, "Tazama, mti wa Krismasi umekatazwa." Lakini asomaye mlango ule kwa utaratibu ataona ya kuwa nabii anena juu ya sanamu ichongwayo na fundi ili iabudiwe, naye aliishi zaidi ya miaka 2,000 kabla ya desturi hii kuanza. Sisi hatujamwona bado mtu ausujudiaye mti wa Krismasi. Mti huu ni desturi tu, na desturi hupimwa kwa matunda yake.

Desturi hii ilikua katika nchi zilizo kando ya mto Rhine huko Ulaya. Katika mji wa Sélestat, ambao leo umo katika Ufaransa, iko daftari ya hesabu ya mji ya mwaka 1521. Imeandikwa humo ya kuwa walinzi wa msitu walilipwa shilingi 4 ili wailinde miti tangu siku ya Mtakatifu Tomaso, yaani Desemba 21. Angalieni neno hili, ndugu. Katika habari za kale kabisa zilizoandikwa juu ya mti huu, twakuta malipo ya walinzi. Bila shaka watu walikuwa wakiingia msituni na kujikatia, hata wakuu wa mji wakaona hawana budi kutoa fedha ili kuwazuia. Basi swali la kwamba mti umetoka wapi, na kwa ruhusa ya nani, si jipya. Umri wake ni miaka 500.

Mwaka 1605 mtu mmoja aliandika ya kuwa watu wa Strasbourg husimamisha miti ndani ya vyumba vyao wakati wa Krismasi na kuitundikia maua ya karatasi, matofaa na vitu vitamu. Polepole desturi ikaenea Ujerumani yote. Mwaka 1848 gazeti moja la London lilichapa picha ya Malkia Victoria, na mumewe Mjerumani, na watoto wao, wakiuzunguka mti wao. Na tangu hapo watu wengi wa Uingereza na Marekani wakataka kufanya vivyo hivyo. Na wamisioni wa Kijerumani waliofika kwetu Mlalo mwaka 1891, na wale waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walitoka katika nchi ambayo mti huu ulikuwa umekwisha kuwa kitu cha kila nyumba.

Wako wadhanio ya kuwa mti wa bandia ni uvumbuzi wa siku hizi. Sivyo. Wajerumani wenyewe, katika karne ya 19, walitengeneza miti ya Krismasi kwa manyoya ya bata bukini. Walichukua nyoya, wakalitia rangi ya majani, wakalizungusha juu ya waya, na waya ule wakauchomeka katika mti uliochongwa kuwa shina. Kwa nini wakajisumbua hivyo, nao wana misitu? Kwa sababu watu walikuwa wakikata miti michanga na vichwa vya miti kwa wingi, na wengine wakaanza kuhofia misitu yao. Basi mti wa bandia haukuzaliwa kwa sababu ya uvivu. Ulizaliwa kwa sababu watu waliona hasara ya panga lisilo na mwenyewe wa kuliuliza.

Miti ya bandia ya leo ni kitu kingine. Mingi sana hutengenezwa China, kwa waya za chuma na plastiki iitwayo PVC, plastiki ile ile ambayo hutumika kutengenezea mabomba ya maji. Hutengenezwa kiwandani kwa mafuta na umeme, ikasafirishwa kwa meli hata Dar es Salaam au Mombasa, ikapakiwa katika malori, ikafika madukani kwetu. Huko Uingereza wataalamu wa shirika liitwalo Carbon Trust walipima hewa ya ukaa itokayo kwa ajili ya mti mmoja. Hewa hii ni ile itokayo katika moto na katika injini, ambayo wingi wake wazidisha joto la dunia na kuvuruga majira ya mvua. Walisema ya kuwa mti wa plastiki wenye urefu wa mita 2 husababisha kilo 40 hivi za hewa hiyo. Mti wa kweli wa urefu ule ule, ukichomwa baada ya sikukuu au ukisagwa na kuwa matandazo ya bustani, husababisha kilo 3 na nusu. Lakini ukitupwa katika jalala kubwa la mji na kuozea humo, huwa kilo 16. Na katika mji wa Montreal, nchi ya Kanada, wataalamu wengine walisema mwaka 2009 ya kuwa mwenye mti wa bandia ampasa kuutumia zaidi ya miaka 20 ndipo uwe bora kuliko kununua mti wa kweli kila mwaka.

Twafundisha hesabu, kwa hiyo twapenda tarakimu. Lakini tarakimu hizi zilipimwa katika nchi za watu wengine, ambako mti wa kweli hupandwa katika mashamba makubwa, hukua miaka saba hata kumi, kisha huletwa mjini kwa gari. Kwetu mti hushuka mlimani begani mwa kijana, wala hakuna mafuta yaliyochomwa ila uji alioula asubuhi. Tena mti wetu ukinyauka huliwa na moto wa jikoni, ukapika maharage. Hapo twaona wazi ya kuwa kwa habari ya hewa, mti wa kwetu umeushinda mbali ule wa dukani.

Liko na neno la pili juu ya plastiki, nalo latuhusu sisi wa vijijini kuliko watu wa Ulaya. Kila kitu kina mwisho wake. Mti wa plastiki hupukutika, matawi hulegea, waya huingia kutu. Na huku kwetu hapana gari la taka. Taka zetu twazichoma nyuma ya nyumba. Lakini PVC haifai kuchomwa kabisa. Moshi wake una asidi iunguzayo macho na mapafu, tena una sumu ziitwazo dioksini, ambazo hukaa katika udongo na kuingia katika maziwa na mayai. Katika miti ya bandia ya zamani hata madini ya risasi yalitiwa. Wala mtu asifikiri ya kuwa ataufukia ukaoza; hauozi. Serikali yetu iliona madhara ya plastiki ilipoikataza mifuko yake tangu Juni 1, 2019. Mfuko ni kitu chepesi. Mti mzima wa plastiki je?

Mpaka hapa msomaji atasema, "Basi, mwalimu amekwisha kuamua: panga litwaliwe, twende msituni." La, ngoja kwanza. Katika nchi hii ya milima mti wa kweli nao una hesabu yake, na hesabu hiyo haiko katika vitabu vya Uingereza.

Mti ambao watu wetu hupenda kuukata wakati wa Krismasi ni msaipresi. Asili yake si hapa. Watokea Mexico na nchi za Amerika ya Kati, ukaletwa Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuwa hukua upesi na kunyoka. Leo umejaa Shume, na Kilimanjaro, na nyanda za juu za Kenya. Mti wetu wa asili ulio karibu nao kwa sura ni mtarakwa, ambao hukua polepole sana, nao hupendwa kwa kutengenezea kalamu za risasi. Zamani za Wadachi, kabla ya vita ya 1914, kampuni moja ilijenga njia ya waya toka Shume hata Mkumbara, magogo ya mitarakwa yakashushwa angani juu ya majabali mpaka kituo cha reli. Waliokata walikuwa na haraka. Mti uliokatwa kwa siku moja haukurudi kwa miaka hamsini. Kwa hiyo mitarakwa ya leo ni masazo, nayo yafaa kuachwa. Na tena Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yasema ya kuwa akataye mti katika msitu wa hifadhi pasipo kibali amekosa, hata ikiwa anaupeleka kanisani.

Misaipresi nayo imekwisha kuonja taabu. Wazee wanakumbuka jinsi ua wa misaipresi ulivyogeuka rangi na kukauka kama ulioungua. Alikuwa ni mdudu mdogo afyonzaye maji ya mti. Alionekana kwanza Malawi mwaka 1986, akafika Tanzania mwaka 1988, na Kenya mwaka 1990, akaua miti mingi sana. Basi mwenye shamba la misaipresi leo si mtu aliyeokota. Ni mtu aliyepanda, akapalilia, akaogopa mdudu, akaogopa moto, akangoja.

Hapa twataka kueleza jambo lililotokea miaka michache iliyopita kijijini petu. Yuko mama mjane ambaye marehemu mumewe alimwachia shamba dogo la misaipresi, yapata miche 200, iliyopandwa karibu karibu kwa kutaka nguzo. Miti hiyo ilikuwa na umri wa miaka minne, imepita urefu wa mtu. Usiku mmoja kabla ya mkesha wa Krismasi watu waliingia humo, wakakata vichwa vya miti saba, wakaenda zao.

Asubuhi mama yule alikuja kwetu nyumbani. Hakupiga kelele, wala hakutaja jina la mtu. Tulimwamkia, akaitikia, akaketi, kisha akauliza, "Mwalimu, nieleze wewe uliyesoma. Mti ukikatwa kichwa, huota tena?"

Tulimjibu kweli. Tulisema, "Huota, mama. Tawi moja la pembeni litainuka na kuwa kichwa kipya, au matawi mawili yatashindana. Lakini mahali palipokatwa patabaki na kombo, na mti wenye panda au kombo haupasuliwi mbao, wala hauwi nguzo. Utakuwa kuni."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi saba." Akashukuru, akaondoka.

Mmoja wa ile saba ulisimama kanisani siku ya Krismasi, umetiwa pamba nyeupe kuwa mfano wa theluji. Wale waliokwenda kuukata walikuwa watoto. Na waliowatuma walikuwa watu wazima, waliowaambia tu, "Tafuteni mti mzuri," wasiulize umepatikanaje. Mama yule alikuja ibadani, akaketi mahali pake pa siku zote, akaimba nyimbo zote. Sisi tulikuwa tumesimama na kwaya, twauona mti, twamwona naye, na wimbo ulikuwa mzito kinywani.

Mwaka uliofuata, katika Majilio, kijana mmoja wa kijijini afanyaye kazi Dar es Salaam alileta sanduku. Akaingia kikaoni, akasema, "Shikamooni, wazee. Nimesikia habari za mwaka jana, nikaona haya. Nimelinunulia kanisa mti, usiokatwa kwa mtu." Akaufungua, ulikuwa mti wa plastiki wa kimo cha mtu mzima, mzuri kwa kuutazama. Wengi walifurahi. Mzee mmoja akasema, "Marahaba, mwanangu, Mungu akubariki. Tukiuchukua huu, hakuna atakayeibiwa tena." Mwingine akasema, "Nami nashukuru. Lakini kanisa limezungukwa na miti kila upande, nasi tusifu mbele ya mti uliotoka kiwandani? Watoto watasema nini?" Maneno yakawa mengi, huyu akivuta huku na huyu kule.

Ndipo mchungaji akamwita yule mama, akamwomba aseme. Naye alisimama, akasema maneno machache, ambayo mpaka leo hatujayasahau: "Baba Mchungaji, na ninyi wazee wangu. Miti yangu mimi nauza. Mwaka jana hakuna aliyeniuliza bei."

Kikao kikawa kimya. Kwa maana hilo ndilo neno ambalo hakuna aliyelifikiri. Wote walikuwa wakibishana kama ni halali kukata au si halali, kama bora ni mti hai au mti wa plastiki. Na mwenye miti alikuwa jirani, naye alihitaji fedha ya sare na madaftari ya mjukuu wake, na mlango wake ulikuwa wazi.

Tena akaeleza jambo ambalo bwana miti alikuwa amekwisha kumfundisha, ya kuwa shamba lake lilikuwa limesongamana, yampasa kulipunguza. Na hapa twawaomba wasomaji watege sikio, maana ndiyo faida kubwa ya habari hii. Misaipresi ikipandwa kwa nafasi ya mita 2 na nusu kila upande, hekta moja huingia miti 1,600. Yote haiwezi kukua pamoja mpaka kuwa mbao. Yanyang'anyana jua na maji. Kwa hiyo mkulima mwenye akili huitoa iliyopinda, iliyodumaa na yenye panda, ili ile iliyonyoka ipate nafasi. Kazi hiyo huitwa kupunguza. Tena hupogoa matawi ya chini, ili shina lisiwe na vifundo. Basi katika shamba la miti lililotunzwa vema, kila mara iko miti ambayo lazima ikatwe, na yako matawi ambayo lazima yaondolewe, iwe Krismasi isiwe Krismasi. Mti uliopinda chini huweza kuwa na kichwa kizuri. Na ukifungwa vizuri ndani ya ndoo yenye mawe na maji, nani kanisani atakayejua ya kuwa haukufaa kuwa nguzo?

Ndivyo ilivyofanyika. Mama mwenyewe alitembea shambani na vijana, akaonyesha kwa kidole, "Huu, na huu, ule uacheni." Kanisa likanunua mmoja, na nyumba kadha wa kadha zikanunua mingine, na matawi ya kupogoa yakatosha kupamba milango ya darasa zetu zote. Sisi tuliwachukua watoto wa darasa la sita waende kutazama, wakapata somo la sayansi na la hesabu kwa mara moja: walipima nafasi kati ya shina na shina, wakahesabu miti iliyobaki.

Na ule mti wa kijana je? Wazee hawakuudharau, kwa maana zawadi iliyotolewa kwa moyo haitupwi. Walimwomba ruhusa, wakaupeleka katika zahanati, katika chumba wangojeamo wagonjwa. Huko hakuna wa kumwagilia maji wala wa kufagia majani yaliyopukutika, na mti mkavu karibu na taa ni hatari ya moto. Muuguzi huukunja kila Januari na kuurudisha sandukuni, na sanduku hukaa mahali pakavu pasipo panya. Mwaka huu ni wa sita, nao wafaa bado. Tawi lililovunjika lilifungwa kwa waya.

Kwa sababu hiyo hatutaki kuwatia hatiani ndugu zetu wa mijini. Mtu akaaye katika chumba cha kupanga Dar es Salaam au Nairobi hana shamba la jirani, na mti wa kukatwa ukimfikia umetoka mbali, pengine kwa wizi. Huyo akinunua mti wa plastiki mara moja, akautunza miaka 20, hakufanya vibaya. Ubaya ni kununua mmoja mwaka huu, na mwingine mwaka kesho kwa kuwa jirani ana wenye rangi mpya. Atakayenunua na asiunue kwa haraka. Na autazame kama atazamavyo meza au kitanda, kitu cha kurithisha watoto. Na siku ya mwisho wake asiutie moto.

Tena si kila mahali yapasa kuwa msaipresi. Watu wa pwani hutumia mvinje, ambao majani yake membamba hufanana kwa mbali na ya msonobari, nao hupandwa kwa wingi mchangani. Tena uko mti uliotoka Madagaska, uchanuao maua mekundu mwezi wa Desemba, hata watu wakauita mkrismasi. Huo haukatwi wala haununuliwi. Wajipamba wenyewe barabarani, kwa maskini na kwa tajiri, kwa Mkristo na kwa asiye Mkristo. Na liko shauri la tatu kwa wenye uwanja: panda mti mmoja hai nje ya kanisa, uupambe pale pale uliposimama kila mwaka. Lakini usiupande karibu na ukuta, maana msaipresi hupita mita 30 kwa urefu, na mche mdogo wa leo ndio utakaowasumbua wajukuu wako kwa mizizi na matawi.

Sasa tuseme shauri letu kwa kifupi. Swali la kwanza lisiwe, "Wa kweli au wa bandia?" Liwe, "Ni wa nani, naye amekubali?" Mti uliokatwa katika shamba la mtu pasipo yeye kujua hautakaswi kwa kutundikiwa nyota. Swali la pili liwe, "Kukatwa kwake kwasaidia shamba au kwaliharibu?" Ukitoka katika kupunguza na kupogoa, msitu umepona na nyumba imepambwa. Na swali la tatu liwe, "Baada ya sikukuu utakwenda wapi?" Wa kweli na uende jikoni au katika mboji; wa plastiki na urudi sandukuni. Mwenye kuyajibu maswali haya matatu, mti wake ni halali, uwe wa shambani au wa dukani.

Nasi walimu tunayo sehemu yetu. Watoto ndio hutumwa kutafuta mti, na mtoto hufanya kama alivyofundishwa. Tukimwambia, "Tafuta," ataokota po pote. Tukimwambia, "Nenda kwa mama fulani, umwamkie, umwulize bei, umpe fedha hii mkononi, ukakate ule atakaokuonyesha," tumemfundisha Krismasi kabla hajafika kanisani.

Basi, ndugu wasomaji, Majilio hayako mbali. Wazee wa kila kanisa na wakutane mapema, wasingoje mkesha; wahesabu fedha kidogo kwa ajili ya mti, kama wahesabuvyo ya mishumaa, na wamjue mwenye shamba watakayemwendea. Krismasi njema kwenu nyote, na kwa waliopanda miti.